Windows, Mac, Linux au Chromebook: usalama wa kompyuta unayoweza kuinunua kweli

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama kwa Windows 10, na tangu hapo maswali mezani kwangu yamebadilika. Zamani mtu alikuja na mashine yake mkononi akasema, "Fundi, nipigie window," basi. Siku hizi anauliza kama apige Windows 11, ahamie Linux, ajibane anunue Mac, au achukue moja ya zile Chromebook ndogo, zenye mfumo wa Google, zinazouzwa bei nafuu. Na karibu kila mmoja humalizia na ombi lilelile: "Nataka ile isiyoingia virusi."

Isiyoingia haipo. Tofauti kati ya mifumo hii minne ipo, na ni kubwa, ila makala nyingi huipima kwa mtu anayenunua kompyuta mpya yenye risiti, nyumbani kwake intaneti haina kipimo. Wengi wetu tunanunua iliyotumika, tunasasisha kwa bando, na faili tunapeana kwa flashi. Ulinganisho huu nimemwandikia huyo.

Sitaupanga kwa majina ya mifumo. Nitaupanga kwa milango ambayo mwizi huingilia, kwa kuwa mfumo unaoulinda vizuri mlango mmoja unaweza kuuacha mwingine wazi.

Shimo ambalo halijazibwa

Mfumo endeshi ni mamilioni ya mistari ya maelekezo yaliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Kosa likigundulika, mtengenezaji hutoa kiraka. Hapo mbio huanza, maana wadukuzi nao hukichambua kile kiraka, wakajua shimo lilikuwa wapi, kisha wakatafuta mashine ambazo bado hazijazibwa.

Mwaka 2017 ulionyesha jambo hili waziwazi. Microsoft ilitoa kiraka cha shimo moja la Windows tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei, takriban miezi miwili baadaye, virusi vya WannaCry vikapita kwenye shimo hilohilo, vikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao kiraka chake kilikuwa kipo tayari na hakuna aliyekiweka.

Mwezi uliofuata, tarehe 27 Juni, vikaja virusi vya NotPetya, na hivi vilikuwa vibaya zaidi. Viliingia kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc, yaani kwa njia ambayo kila mtu anaiamini. Vikishaingia kwenye mashine moja, vilichota nywila za wasimamizi kutoka kwenye kumbukumbu yake na kuzitumia kufungua mashine nyingine, hata zile zilizokwisha kuzibwa. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona bandarini Dar es Salaam na Mombasa, ilipoteza karibu seva zake zote zilizotunza orodha ya watumiaji wa mtandao wake. Ilipona moja tu, ofisini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa imezimika virusi vilipopita. Diski yake ilibebwa na mfanyakazi hadi Nigeria, akampokeza mwenzake uwanja wa ndege, ikafika Uingereza, na kampuni ikajijenga upya kutoka humo. Tumezoea kulaumu umeme unaokatika, na siku hiyo ndio uliookoa kampuni. Mimi nimekichukua kisa hicho kama sababu ya kuwaambia wateja wangu wawe na diski ya akiba isiyochomekwa muda wote.

Sasa tulinganishe. Kwa mlango huu swali si ubora wa mfumo peke yake. Swali ni hili: kwa mashine unayoweza kuinunua, viraka vitakufikia hadi lini?

Windows 11, ikiwa halali na kwenye mashine inayokubalika, iko vizuri. Viraka hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza Oktoba 2003. Tatizo ni hilo neno "inayokubalika". Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane. HP EliteBook 840 G3, mashine imara iliyojaa maduka ya mtumba, ni kizazi cha sita. Lenovo ThinkPad T460 vilevile. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine hizi, na mafundi wengi huziuza kama huduma ya kawaida, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizokidhi masharti hazina haki ya kupata masasisho. Unaweza kukaa miezi salama, kisha siku moja sasisho kubwa likagoma. Mfumo wa usalama unaotegemea bahati mimi siuhesabu.

Aliyebaki na Windows 10 ana mpango wa muda wa Microsoft unaofikisha viraka hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Ni mwavuli wa kuvukia mtaro, si nyumba.

Mac nayo ina mtego wake. Apple haitangazi ratiba, ila mazoea yake ya miaka mingi ni kuzipa viraka toleo la sasa na mawili yaliyolitangulia. Kwa hiyo Mac mpya imelindwa vizuri sana, na Mac ya zamani inaachwa. MacBook Air ya 2015 na ya 2017, zile nyembamba za fedha ambazo wanafunzi wa vyuo wanazitamani, haziendi mbele ya macOS Monterey, na Monterey ilipata viraka vyake vya mwisho 2024. Muuzaji atakuambia, "Hii ni Mac, haina shida ya virusi." Kwa upande wa viraka, mashine hiyo imeachwa kama Windows 10 ilivyoachwa. Na Apple ilitangaza 2025 kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho linalokubali Mac zenye prosesa ya Intel. Ukinunua Mac iliyotumika leo, anzia zenye chipu ya M1, zilizotoka Novemba 2020. Chini ya hapo unalipia jina.

Linux ndiyo inayobadilisha hesabu kwa mwenye mashine kuukuu. Ubuntu, kwa mfano, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini (jina la Ubuntu ni ndugu wa neno letu "utu", na mimi hulifurahia kila nikilitaja). Toleo la Ubuntu 24.04 linapata viraka vya kawaida hadi 2029, na ukijisajili kwenye Ubuntu Pro, ambayo mtu binafsi huitumia bure kwenye mashine zisizozidi 5, viraka vinafika 2034. Hiyo EliteBook ya kizazi cha sita inaibeba bila kulalamika. Usajili huo nakushauri usiuruke, kwa sababu viraka vya kawaida vinazihusu zile programu za msingi tu, wakati maelfu ya programu nyingine zilizomo kwenye hifadhi ya Ubuntu, yaani ghala lake rasmi la programu, hufikiwa kwa uhakika kupitia Pro.

Linux ina sifa nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Amri moja ya kusasisha huziba mfumo, kivinjari, kisomaji cha PDF, programu za ofisi na takriban kila ulichokichukua kwenye hifadhi yake. Kwenye Windows, programu nyingi hujisasisha kila moja kivyake, na zile ambazo hazijisasishi hubaki humo miaka na miaka.

Chromebook kwa mlango huu ni bora kuliko zote, na nasema hivyo bila kusita. Ina nakala mbili za mfumo. Wewe unaandika barua kwenye moja, nyingine inasasishwa nyuma ya pazia, na ukizima na kuwasha unaamkia ile mpya. Kila inapowaka hujikagua kama kuna kitu kimechezewa, na ikikuta hitilafu inarudia nakala nzima. Chromebook zilizotoka 2021 na kuendelea hupata masasisho miaka 10 tangu aina hiyo ilipotoka. Mbili za kuangalia kabla hujatoa hela: kwanza, fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, uisome tarehe ya mwisho wa masasisho. Pili, hakikisha haijafungwa na shule. Chromebook nyingi za mtumba zilikuwa za shule za ng'ambo, na kama shule haikuiondoa kwenye orodha yake, hata ukiifuta yote itakapowaka itadai kuingia kwa akaunti ya shule hiyo.

Tuongee habari ya bando kidogo, maana kwetu ni suala la usalama kabisa. Masasisho ya Mac huwa mazito, mara nyingi gigabaiti nyingi kwa mkupuo. Windows nayo haijambo kwa kula. Mtu akishaunguzwa bando mara moja, huzima masasisho yote na asiyawashe tena. Nimeziona mashine za namna hiyo zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Linux hukuonyesha orodha na uzito kabla hujakubali, na unaweza kuchukua viraka vya usalama peke yake ukaacha mengine. Kwenye Windows, iambie mtandao wako una kipimo, kisha ipe nafasi mara moja kwa wiki kwa bando la usiku. Usizime.

Mlango unaoufungua mwenyewe

Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimeoza hazikupigwa kupitia shimo la siri. Mwenyewe alifungua mlango, akamkaribisha mgeni, akampa na kiti.

Mama mmoja mwenye steshenari jirani na shule aliniletea mashine yake ya kazi ikiwa na mafaili yote yamegeuka majina yasiyosomeka na barua ya kudai fidia kwenye kioo. Kazi za wanafunzi, vyeti vya watu, mahesabu ya duka, vyote. Windows yake ilikuwa imechakachuliwa. Aliyempigia alitumia programu ya kuiamsha bila leseni, na programu hizo karibu zote huanza kwa kukutaka uizime Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, eti inaziona virusi kwa makosa. Mara nyingi si makosa. Mwaka 2021 wachunguzi walionyesha vifurushi vya KMSPico vilivyokuwa vimebeba virusi vya CryptBot, vinavyoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Mama yule hakuwa mzembe. Aliaminishwa na mtu aliyemlipa. Nilikaa naye jioni nzima tukiokoa kilichookoka kutoka kwenye barua pepe za wateja, na tangu siku hiyo nimeacha kuipiga Windows isiyo na leseni kwa mtu yeyote, hata anayenisihi.

Kwa hiyo, ukilinganisha Windows na wenzake, linganisha Windows ipi? Windows 11 yenye leseni, Defender ikiwa inafanya kazi, ni mfumo mgumu kuuvunja. Defender imo ndani tangu Windows 8 ya 2012 na leo ni antivirusi nzuri. Huhitaji kununua nyingine. Windows iliyochakachuliwa ni kitu kingine kabisa. Mlinzi wake amefukuzwa kazi na aliyejenga nyumba.

Halafu kuna flashi. Mwaka 2008 virusi vya Conficker vilienea pia kwa flashi, kwa kuwa Windows za wakati ule zilikuwa zikiendesha zenyewe kilichomo mara flashi inapochomekwa. Tangu Windows 7 tabia hiyo ilikomeshwa kwa flashi, lakini virusi vilibadili mbinu. Vinavificha vifolda vyako na kuweka mahali pake vifupisho (shortcut) vya uongo vyenye jina lilelile, na ukibofya unafungua folda na kirusi kwa pamoja. Mpaka leo Windows huficha kiambishi cha mwisho cha faili, hivyo "Mtihani.pdf.exe", ambayo ni programu ya kuendeshwa na si waraka, huonekana "Mtihani.pdf". Ingia kwenye mipangilio ya folda uamuru viambishi vionekane. Ni jambo la dakika moja, nami huwafanyia wateja wote bure.

Kwenye Mac, Linux na Chromebook, vifupisho hivyo na mafaili ya .exe ni karatasi tupu, hayaendeshi kitu. Hii ndiyo sehemu ya kweli ya ule usemi kwamba mifumo hiyo haiingii virusi: virusi vinavyozunguka steshenari zetu vimeandikwa kwa ajili ya Windows, iliyo kwenye kompyuta nyingi zaidi duniani. Sehemu isiyo ya kweli inafuata.

Mac ina walinzi wazuri. Tangu 2012 ina Gatekeeper, inayokagua programu imetoka kwa nani kabla haijafunguka. Tangu 2015 sehemu za ndani za mfumo haziguswi hata na msimamizi mwenyewe. Tangu 2019 programu zinazosambazwa nje ya duka la Apple zinatakiwa zipelekwe kwanza Apple zikachunguzwe. Mwaka 2024 njia ya mkato ya kuifungua programu isiyotambulika kwa mbofyo wa pembeni ikaondolewa. Hayo yote yana historia ya maumivu: 2012 kirusi cha Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000 kupitia shimo la Java. Na kuanzia 2023 kuna Atomic Stealer, kifaa cha wezi kilichotengenezwa maalumu kwa Mac, ambacho huvaa nguo za programu maarufu zilizovunjwa leseni. Anayetafuta programu ya kuhariri video ya bure isiyo ya bure hukutana nacho, hufuata maelekezo ya kumpita Gatekeeper, na huandika nywila yake kwa mkono wake mwenyewe.

Linux ina mlango huu tofauti kabisa na wenzake, na mimi naupenda. Hutafuti programu kwenye tovuti za watu. Unaichukua kwenye hifadhi ya Linux uliyoichagua, ikiwa na saini, na kwa kuwa programu zenyewe ni za bure, ile hamu ya kutafuta zilizochakachuliwa inakufa. Nadhani hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko zote ambayo Linux inampa mtu wa kawaida, na haitokani na ufundi wa kiini chake.

Lakini hata hifadhi inaweza kutiwa sumu. Machi 2024 mhandisi Andres Freund, anayefanya kazi Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi tungelipuuza. Yeye alifuatilia, na tarehe 29 akatangaza kwamba ndani ya xz, chombo kidogo cha kubana mafaili, kumefichwa mlango wa siri. Aliyeuweka, akijiita Jia Tan, alitumia zaidi ya miaka miwili kumsaidia mtunzaji wa mradi huo mpaka akaaminiwa. Sumu ilikuwa imeshafika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina nyingine za Linux, haijafika kwenye yale imara ambayo watu wengi wanayatumia. Kisa hiki kinasema mambo mawili kwa pamoja: msimbo ulio wazi haujilindi wenyewe, na kwa kuwa uko wazi, mtu mmoja makini anaweza kuufukua mpaka mwisho. Funzo la vitendo kwako ni kukaa kwenye toleo imara na kuwaachia wataalamu mapya yasiyojaribiwa.

Pia pakua Linux kutoka kwenye tovuti yake yenyewe na uhakiki alama ya faili (checksum), inayoonyesha kama faili imechezewa. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, aina nyingine ya Linux, ilidukuliwa na viungo vya kupakulia vikaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa siri.

Kuna udhaifu wa Linux ya mezani ambao mashabiki wenzangu hawapendi kuutaja. Chini ya mfumo wa zamani wa kioo, X11, programu yoyote iliyofunguliwa inaweza kusikiliza unachokiandika kwenye programu nyingine, nywila ikiwemo. Ubuntu imehamia Wayland, inayozuia jambo hilo. Linux Mint ya Cinnamon, ambayo wengi huipendekeza kwa anayetoka Windows, bado kwa kawaida inatumia X11. Kwa hoja hiyo mimi huelekeza watu Ubuntu kwanza, ingawa najua Mint ndiyo inayofanana zaidi na walichokizoea. Kwenye kuzitenga programu zisichunguliane, Mac na Chromebook ziko mbele ya Linux nyingi.

Na anayesema Linux haipigwi amsikilize jirani yake mwenye kamera za ulinzi. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na ruta kwa wingi duniani, vingi vya vifaa hivyo vikiendeshwa na Linux, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadili.

Chromebook mlango huu umebanwa kupita zote. Kila ukurasa na kila programu hufungiwa chumba chake, na hakuna .exe ya kuileta kwa flashi. Kinachobaki ni viongezi vya kivinjari na ulaghai. Ulaghai hauchagui mfumo: ukurasa wa uongo wa benki utapokea nywila yako sawasawa ukiwa kwenye Mac ya mamilioni au Chromebook ya mtumba. Siku hizi kuna na kurasa zinazojifanya zinathibitisha kwamba wewe ni binadamu, kisha zinakuagiza unakili amri na kuibandika kwenye dirisha la mfumo. Zimeandikwa za Windows na za Mac pia. Tovuti ikikutaka ubandike amri yoyote, ifunge.

Mashine ikiibwa

Kwenye daladala, matatu, mabweni. Mwizi wa mashine anaweza kuitoa diski, akaichomeka kwingine na kusoma kila kitu bila hata kuijua nywila yako, isipokuwa diski imefungwa kwa usimbaji (encryption).

Chromebook huyafunga mafaili ya mtumiaji yenyewe, huhitaji kufanya lolote. Mac zenye chipu ya M zinasimba diski muda wote, ila uiwashe FileVault ili ufunguo ufungamane na nywila yako. Ubuntu hukuuliza wakati wa kuipiga. Weka alama hapo hapo, maana kuirudia baadaye ni kazi ya kuanza upya. Windows ya Pro ina BitLocker, na ya Home ina usimbaji mwepesi zaidi unaojiwasha kwenye mashine nyingi mpya ukiingia kwa akaunti ya Microsoft.

Hapo kwenye Windows ninaomba unisikilize. Fundi akigusa mipangilio ya ndani ya mashine, BitLocker inaweza kudai ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48. Uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kama akaunti ile ilifunguliwa na muuzaji dukani na hukumbuki barua pepe yake, mafaili yamekwenda, na hakuna fundi atakayeyatoa. Uandike ufunguo huo kwenye karatasi leo.

Mac iliyotumika nayo iombe iwake mbele yako hadi mwisho, uhakikishe mwenye kwanza ametoka kwenye akaunti yake ya Apple. Zenye chipu ya usalama ya T2 au chipu ya M hufungwa na mwenyewe kwa mbali, na iliyofungwa hivyo ni ubao wa kukatia vitunguu.

Ipi sasa

Wapo watu ambao kazi yao inawaletea maadui wenye uwezo, kama waandishi wa habari za uchunguzi na mawakili wa kesi nzito. Kwao kuna Qubes OS, iliyotoka mara ya kwanza 2012, ambayo hugawa mashine moja kuwa kama kompyuta nyingi zisizojuana, barua pepe huku, benki kule. Inataka RAM ya gigabaiti 16 ili ipumue. OpenBSD, ya Theo de Raadt tangu miaka ya 90, inaheshimika kwa seva na ruta. Kwa wengine hiyo ni mizigo isiyo na safari.

Mwanafunzi ambaye kazi zake zote ziko mtandaoni, au mzazi anayemnunulia mtoto: Chromebook yenye miaka ya masasisho iliyobaki. Udhaifu wake ni kwamba bila intaneti inapungua sana, na maisha yako yote yanakaa mikononi mwa Google. Kama hilo linakukera, na ni haki yako likukere, nenda Linux. Ipo pia ChromeOS Flex ya kuwekwa kwenye mashine za kawaida, lakini haina ile chipu ya Google wala ukaguzi uleule wa kuwaka, kwa hiyo usiihesabu kuwa Chromebook kamili.

Mwenye hela ya M1 au zaidi na anayefanya kazi za picha na video: Mac, kwa sharti la kununua programu zake.

Mwenye mashine ya kizazi cha sita au cha saba: Ubuntu, bila mjadala mrefu. Kati ya Linux inayopata viraka na Windows iliyolazimishwa, mimi sioni mashindano.

Ofisi inayotumia programu ya uhasibu ya Tally au programu ya idara inayokubali Windows tu: Windows 11 halali, kwenye mashine inayokubalika. Mfanyakazi asitumie akaunti ya msimamizi kwa kazi za kila siku. Mpe akaunti ya kawaida, na nywila ya usimamizi abaki nayo mwenye duka. Hatua hiyo haigharimu kitu na ingezuia sehemu kubwa ya niliyoyaona mezani.

Yule mama wa steshenari aliishia na mashine mbili. Ya mahesabu ni Windows 11 ya leseni, haichomekwi flashi ya mtu. Ya mbele ya kaunta ni EliteBook kuukuu yenye Ubuntu. Flashi za wateja huchomekwa hapo kwanza, zile .exe na vifupisho vya uongo huonekana wazi na kufutwa, na faili safi ndiyo inayokwenda kuchapwa. Msichana wake wa kaunta alifundishwa kwa siku mbili, na sasa huwaonyesha wateja kilichokuwa kwenye flashi zao kabla hajakifuta.